Kibuyu cha Mkwe Kilichokataa Kuchacha

Nawaona. Nawaona mnavyoingia famasi mkiomba, "Nipe rangi mbili kidogo tu, dada, koo linawasha," halafu mnatoka mkitembea kifua mbele kama watu waliokwisha kupona. Mnameza tatu, koo linatulia, zilizobaki mnatupa kwenye droo pamoja na betri kuukuu na funguo za kufuli zilizopotea. Nikiwakemea mnasema babu ana kisirani. Haya, ninacho. Nimefanya kazi ya kuwinda vijidudu zaidi ya miaka ishirini kwenye maabara ya hospitali moja ya misheni huku kwetu Karagwe, na kisirani ndicho kiinua mgongo nilichopewa. Lakini leo nitawaambia kwa nini nikiona kapsuli zilizobaki nyumbani kwa mtu, nakasirika na kucheka kwa wakati mmoja.

Nilianza kazi miaka michache baada ya vita vya Amin, wakati hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa kwa kujuana. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya famasi, na kwa kuwa watu tulikuwa wachache, asubuhi nilitoa dawa dirishani na mchana nikawa mtu wa maabara. Tulikuwa na darubini moja iliyotaka kubembelezwa, friji ya mafuta ya taa, na kabati la joto ambalo nalo lilitumia taa ya mafuta chini yake. Utambi ukipanda kidogo, vijidudu vinaiva badala ya kukua.

Bosi wangu alikuwa Mama Yunia, mwanamke wa Kihanga, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Deo, osha mikono." Nikaosha. "Osha tena, hiyo ilikuwa salamu." Nikaosha. Akainusa. "Sasa anza kuosha." Nilioga mikono siku ile mpaka nikahisi si yangu. Kwa Mama Yunia vijidudu viliitwa wageni, na alivizungumzia kama mama mwenye nyumba anayejua kwamba wako njiani na hawajaleta chochote.

Ili kumjua kijidudu lazima umlishe. Tulichemsha supu ya nyama, tukaichuja mpaka ikang'aa, tukatia unga wa mwani unaoigandisha, tukamimina kwenye visahani vya kioo. Supu ile ilikuwa na harufu! Mlinzi wetu, jina lake namsitiri maana wajukuu zake mko nao shuleni, aliingia siku moja akainywa birika zima kabla hatujaigandisha. Mama Yunia alipomkuta akapiga kelele kama mtu aliyeona chatu. Mlinzi akafuta midomo, akasema, "Samahani, mama. Ila wapishi wenu hawaweki kitunguu."

Supu ikishaganda, unampaka kijidudu juu yake kama unavyopaka siagi kwenye mkate, kisha unadondosha tone la dawa katikati. Unafungia kwenye kabati la joto mpaka kesho. Kesho sahani nzima imeota ukungu wa vijidudu, isipokuwa pale dawa ilipowashinda. Pale unaona duara safi. Hakuna duara, hakuna dawa. Ni kipimo rahisi, na hakijali wewe ni nani.

Kijidudu nilichokitumia kupimia kilitoka kwenye jipu la Adela.

Msicheke. Adela alikuwa binti wa Mzee Byabato wa Kituntu, na alikuja dirishani kwangu akichechemea, jipu limevimba kwenye muundi. Mganga alilipasua, mimi nikaletewa usaha nipime. Nilipomwona yule binti nilisahau hata jina la dawa. Vijana wenzangu walitunza picha za wachumba wao ndani ya Biblia. Mimi nilitunza kijidudu cha Adela kwenye friji, nikakibadilishia chakula kila wiki miezi minane. Mama Yunia akauliza, "Huyu mgeni wa jipu hatuachi?" Nikamjibu kwamba ni wa kitaalamu.

Siku ile nilimpa Adela kapsuli ishirini za tetrasaiklini, zile za rangi mbili, na kwa sababu sikutaka aondoke nikaanza kuhubiri. Nikamwambia ameze zote hata jipu likipona. Ulipoisha utaalamu wa majipu nikahamia kwenye pombe, kwa kuwa huku kwetu mtoto wa miaka sita anajua rubisi inavyotengenezwa: ndizi zinaivishwa, zinakanyagwa kwa miguu na majani ndani ya mtumbwi wa mti, inatiwa unga wa mtama, kesho yake watu wanaimba. Nikamweleza kwamba ndani ya rubisi kuna mafundi wawili. Wa kwanza ni chachu, anayegeuza utamu kuwa kilevi. Wa pili ni bakteria, anayemfuata nyuma na kuigeuza siki. Dawa hii, nikasema nikitikisa kopo, inamkomesha wa pili, wa kwanza haimgusi kabisa.

"Ee," alisema Adela.

Hilo tu. Akachukua dawa, akasema asante, akaenda zake. Nikajiambia, Deo, umemchosha binti wa watu kwa habari za siki.

Miezi ikapita. Nilikutana naye gulioni mara kadhaa, nikamsalimia, akaitikia akitazama kikapu chake. Mwishowe nikamtuma baba yangu mdogo, Leonsi, akapeleke maneno kwa Mzee Byabato. Kabla ya hapo nilijitahidi nikamuuliza mwenyewe, "Adela, wewe unasemaje?" Akajibu, "Nyumbani watasema." Sasa hilo ni jibu gani? Nililigeuzageuza kichwani kama mtu anayetafuta mbegu kwenye pumba. Nilimpenda kweli, jamani, na sikujua kama ananitaka au ananivumilia. Ningeweza kukataliwa na baba yake nikapona, lakini kuletewa mke asiyenitaka, hapana, hilo lilinitia hofu.

Na huyo baba! Mzee Byabato alikuwa amekwisha kurudisha posa mbili, zote kwa sababu ya pombe. Kwetu posa inakwenda na rubisi, na kibuyu cha kwanza ni cha baba wa binti. Mposaji wa kwanza alileta rubisi nyepesi, mzee akauliza kama wameleta pombe au maji ya kunawa. Wa pili yake ilikuwa imechacha. Mzee aliionja, akatema, akasema, "Mtu asiyejua kupima siku za pombe, atapima siku za mke wangu mjukuu akizaliwa?" Hakuna aliyeelewa maana yake, lakini posa ilirudi.

Baba mdogo Leonsi hakutaka mchezo. Alichagua ndizi mwenyewe, akazikanyaga mwenyewe, akafukuza kila mtu aliyetaka kuonja. Jumamosi asubuhi tukabeba vibuyu saba mpaka Kituntu. Tunafika, tunasikia kilio. Jirani wa ukuta kwa ukuta wa Mzee Byabato amefariki alfajiri.

Msiba ni msiba. Hakuna jembe, hakuna ngoma, hakuna posa mpaka siku zitimie. Tukaambiwa turudi Jumatano. Na pombe ya posa ikishavuka mlango wa wakwe hairudi ilikotoka, ni mkosi. Tukaviacha vibuyu vyote saba kwenye stoo yao, tukarudi tukiburuta miguu. Jumamosi hadi Jumatano! Rubisi ya siku tano! Hata mlevi wa gulioni angeisalimia akaenda zake. Leonsi njia nzima alikuwa akirudia, "Siki, Deo. Tumempelekea mzee siki ya kachumbari."

Siku tatu zile sikuwa mtu. Mama Yunia alinishika mkono akaniambia, "Hiyo chupa umeiosha mara nne, na kila mara unaipa pole."

Jumatano tukaenda kama watu wanaokwenda kusomewa hukumu. Nyasi zimetandikwa, wazee wamekaa, Adela amepiga magoti kule nyuma na dada zake, uso chini. Kibuyu cha kwanza kikaletwa mbele ya Mzee Byabato, akatia mrija, akavuta. Akafumba macho. Mimi nikafumba yangu.

"Tamu," alisema.

Leonsi aliropoka, "Eti?"

"Nimesema tamu. Ninyi mmeikanyaga na nani, malaika?"

Akavuta tena, akasifu tena. Vibuyu vingine vikagawiwa kwa wageni. Na hapo, wajukuu zangu, ndipo nilipoona ajabu. Mgeni wa kwanza alivuta mrija, sura ikamkunjika kama soksi. Wa pili akakohoa. Mzee mmoja machozi yalimlengalenga. "Si ni tamu?" akauliza Mzee Byabato akiwatazama mmoja mmoja. "Tamu kabisa, baba," wakajibu kwa pamoja, na yule mwenye machozi akaongeza, "Inagusa moyo."

Mzee akatangaza kwamba neno la mwisho atalitoa Jumapili, lakini kwamba kijana ana mkono mzuri. Leonsi alifurahi mpaka akasahau kofia. Mimi nilishindwa kufurahi. Mtumbwi mmoja, mkanyagaji mmoja, siku moja, halafu vibuyu sita ni siki na kimoja ni asali? Mtu wa maabara hawezi kulala na swali la namna hiyo. Wakati wa kukusanya vibuyu nikajitia kusaidia, nikamimina matone ya mwisho ya kibuyu cha mzee kwenye chupa ndogo ya vipimo, na matone ya kibuyu kingine kwenye chupa ya pili. Chupa kama hizo sikukosa mfukoni. Ili nisizichanganye, ile ya kwanza nikaiandika: BYABATO, KITUNTU.

Lilikuwa kosa la kijinga kuliko yote niliyofanya katika kazi hii, na nimewahi kuunguza kabati la joto.

Alhamisi asubuhi nikachukua sahani, nikapaka kijidudu cha jipu, nikadondosha matone matatu: moja la kibuyu cha mzee, moja la kibuyu kilichochacha, na moja la maji matupu. Hayo mawili ya mwisho ni ya kulinganisha, maana huenda ukali wa pombe yenyewe ukaleta duara. Mkipima kitu bila cha kulinganisha nacho, hamjapima, mmeota ndoto. Nilifanya kwa siri, kwa sababu ile ilikuwa misheni, na mtu kukutwa na rubisi maabara saa mbili asubuhi hana cha kujitetea. Chupa ya pili nikaimwaga. Ile ya Byabato nikaiacha mezani dakika moja tu, nikaitwa mlangoni: gari la chanjo linaondoka kwenda Kihanga, twende. Nikaenda. Tukarudi Ijumaa mchana.

Kitu cha kwanza nikakimbilia kabati la joto. Sahani ilikuwa nyeupe kwa vijidudu. Kwenye tone la maji, hakuna kitu. Kwenye tone la kibuyu kilichochacha, hakuna kitu. Kwenye tone la kibuyu cha mzee, duara safi, pana kuliko shilingi. Mawe, mama yangu! Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, kama mwanamke wa Kihaya aliyeangusha chungu. Ndani ya pombe ya posa yangu kulikuwa na antibiotiki. Mkwe wangu mtarajiwa alikuwa amekunywa dawa kibuyu kizima. Ni nani angeamini kwamba si mimi, mwenye makopo ya dawa mikononi kutwa?

Mama Yunia akaingia, anang'aa uso mzima.

"Deo! Wewe umekwenda kuchanja, mimi nimeokoa mtu."

"Nani, mama?"

"Kuna mkojo nimeukuta hapa mezani. Una povu, unanuka matunda. Nikaupima sukari. Nimetia dawa ya buluu, kabla hata haijachemka ikawa nyekundu kama tofali! Nimepima mikojo tangu hujazaliwa, sijawahi kuona. Mtu huyo ni sukari inayotembea."

"Mama, huo mkojo... uliandikwa jina?"

"Byabato, Kituntu. Nimemtuma mlinzi na baiskeli tangu jana. Aletwe haraka, alazwe."

Kabla sijafungua mdomo tukasikia nyimbo za wabeba machela zikipanda kilima. Wanaume wanane wa Kituntu, wawili wawili wakipokezana, jasho linawatiririka, na juu ya machela amelala Mzee Byabato amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Nyuma yao Adela na kikapu cha chakula.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," alijibu kwa sauti ya mtu anayeaga. "Mlijuaje? Tangu jana tumbo linanikimbiza chooni kama nina ahadi huko. Alipokuja mtu wenu na baiskeli akasema nina sukari ya kufa, nikasema kweli hospitali ni hospitali, inajua hata kabla hujaja."

Mama Yunia akampa kikopo, mzee akaenda, akarudi. Mama Yunia akaupima mkojo mbele ya wote. Dawa ya buluu ikachemka, ikabaki buluu. Akarudia. Buluu. Akaitazama ile chupa yangu, akaifungua, akanusa. Akanigeukia polepole.

"Deogratias." Hakuwahi kuniita jina zima. "Ule wa jana ulikuwa wa nani?"

Kungekuwa na shimo ningeingia. Wabeba machela wameacha hata kujipepea. Nilifikiri uongo wa namna tatu, nikautazama uso wa Mama Yunia, wote ukakimbia.

"Haukuwa mkojo," nikasema. "Ilikuwa rubisi ya posa."

Mmoja wa wabebaji akacheka, akanyamaza mara moja. Nikaleta sahani. Nikawaonyesha duara, nikaeleza yote, jinsi kibuyu cha mzee kilivyokuwa na dawa na vingine havina, na kwamba tumbo linalomkimbiza limetoka humo humo. Mzee Byabato alikuwa ameketi juu ya machela sasa, blanketi limemwanguka.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "ulinitilia dawa ninywe niseme tamu."

"Sikutia mimi, baba."

"Nani basi? Mimi nina dawa? Mbuzi wangu wana dawa?" Sauti ikapanda. "Nimebebwa kilima kwa kilima, watu wazima wanane wameacha migomba yao, kwa mkojo wa kibuyu! Posa imekwisha. Usiingie uani kwangu tena. Hilo ndilo neno langu la Jumapili, nimelitoa Ijumaa."

Nililia, nawaambia ukweli, mtu mzima na koti jeupe.

"Ni mimi."

Hakuna aliyejua sauti imetoka wapi, maana ilikuwa ndogo. Adela alikuwa ameweka kikapu chini.

"Nilifungua kapsuli kumi na mbili, nikatia kwenye kibuyu chako, baba, Jumamosi ile ile. Nilipewa ishirini za jipu. Nilimeza sita."

"Sita!" Mama Yunia alipiga ukelele. "Kati ya ishirini!"

"Lilikuwa limepona, mama."

"Kwa nini?" aliuliza mzee, na safari hii hakufoka.

Adela alitazama chini, akaona haisaidii, akainua uso. "Ingechacha ungemrudisha. Wale wawili uliwarudisha sikusema kitu. Huyu sikutaka arudi."

Mama Yunia alinyoosha mkono mbele ya binti. "Mbili zilizobaki ziko wapi? Zilete hapa kesho. Ungekuwa umempa mtu ambaye dawa hii inamdhuru, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Mjamzito je? Mtoto? Na hao vijidudu uliowaonjesha dawa nusu nusu, unajua umewafundisha nini?" Alimsema mpaka akaishiwa pumzi, na kila alilosema lilikuwa kweli, na ndilo nililowaambia ninyi tangu mwanzo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale sisikii hata nusu. Miezi minane nilikuwa nikilisha kijidudu chake kwenye friji nikijiuliza kama ananijua jina.

Mzee Byabato akakohoa. Akamtazama binti, akanitazama mimi na kamasi zangu. Akalitazama lile duara kwenye sahani, muda mrefu. Halafu akajilaza tena juu ya machela, akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Nilibebwa kuja, nitabebwa kurudi," alisema. "Hawa vijana wamechoka. Wewe mkwe, vua hilo koti, shika mti wa mbele."

Nilibeba. Vilima vyote mpaka Kituntu, bega moja likichunika nahamishia la pili, na mzee mzima wa afya, kasoro tumbo, akiniamuru juu yangu nitazame mawe. Mmoja wa wale wanane alishika mti wa nyuma, saba wengine walitembea mikono mitupu, wakiimba wimbo wa mgonjwa mahututi huku wakicheka. Karibu na mteremko wa mwisho Adela alikuja akatembea kando yangu, kikapu kichwani.

"Umechoka?" aliuliza.

Lilikuwa swali la kwanza alilowahi kuniuliza. Nikamwambia sijachoka kabisa.